Pazia Kwanza

Jumatatu hiyo mapokezi ya hospitali yalikuwa yamefurika mpaka barazani. Anifa alikuwa ameita jina moja mara tatu bila kuitikiwa, ndipo mwanamume asiyemjua akapenya foleni akiwa amebeba mtoto wa kike anayelia. Shati lake jeupe lilikuwa na damu kifuani, na viatu vyake vya ngozi nyekundu vilikuwa vimejaa vumbi la Mtinko.

"Jina la mtoto?" Anifa aliuliza, kalamu mkononi.

"Sijui, sista."

"Baba gani hajui jina la mwanawe?"

"Si wangu. Nimemkuta mnadani Mtinko, ameangukiwa na gunia la vitunguu. Mama yake yuko njiani na bodaboda. Nilimuuliza jina, akaniuma."

Anifa alicheka kabla hajajizuia. Mtoto alishonwa kidevu, mama akafika akitweta, lakini yule mgeni hakuondoka. Alibaki ameegemea nguzo mpaka Anifa alipomwuliza jina lake ni nani, au naye huwa anauma. Akasema anaitwa Idrissa, anafanya biashara ya asali, kwao ni Unyambwa, na hajawahi kumuuma mtu ila akichokozwa.

Kuanzia hapo simu ya Anifa haikupumzika. Kila akitoka zamu, Idrissa alikuwa hewani.

"Sista wangu, nimeumwa tena."

"Na nani safari hii?"

"Na hamu ya kukuona. Ninywe dawa gani?"

"Kunywa maji, ulale."

Alimletea masega ya asali kutoka Rungwa, akamfundisha kutafuna nta bila kuimeza. Anifa, mtoto wa wakulima wa alizeti wa Mkalama, alianza kujiona mke. Siku Idrissa aliposema anampeleka nyumbani kwao, alishonesha gauni la kitenge cha zambarau, akasuka nywele upya, akavaa hereni za marehemu bibi yake.

Mama yake Idrissa, Bi Kuluthumu, alikuwa mjane mwenye duka kubwa la mafuta, na siku hiyo alikuwa amewakusanya dada zake sebuleni. Alimtazama Anifa kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza kazi yake. Anifa akajibu kwa fahari kwamba ni muuguzi. Bi Kuluthumu akalisogeza sinia la pilau mbali na mgeni.

"Mikono inayomwaga vinyesi vya watu," alisema taratibu, "haitapika katika nyumba yangu."

Dada zake wakacheka. Anifa alimgeukia Idrissa. Idrissa alikuwa amekaa, macho kwenye simu yake, kimya kama mtu asiyesikia. Basi Anifa akasimama peke yake, akatoka peke yake, na kabla hajafika barabarani alikuwa ameshaifungia namba ya Idrissa isimpigie tena.

Hakulia. Aliweka. Aliyaweka maneno yale ndani kama mtu anavyoweka mbegu akingoja mvua.

Mvua ilinyesha miezi michache baadaye, wakati wa chai. Wenzake walikuwa wakizungumza juu ya mama mmoja mwenye duka, aliyeteleza kwenye mafuta aliyoyamwaga mwenyewe, akavunjika nyonga. Alikuwa amelazwa wodi ya mifupa ya wanawake, mguu umefungiwa uzito wa kuunyoosha mfupa, hawezi kujigeuza wala kujisaidia bila muuguzi. Anifa alilisikia jina. Aliiacha chai yake ikiwa nusu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Theodora, matroni aliyewasimamia wauguzi wote.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba, Anifa. Umepatwa na nini?"

"Naomba kuhama wodi ya watoto. Naomba wodi ya mifupa, ya wanawake."

Matroni alivua miwani. Alisema wauguzi wote huikimbia wodi ile kwa sababu ya kunyanyua watu wazito, na Anifa ndiye wa kwanza kuikimbilia. Akataka sababu. Anifa akasema anataka kujifunza zaidi. Maneno yalitoka laini, maana alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani.

"Watoto wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea."

"Basi kuna mtu aliyekukosea." Matroni alivaa tena miwani yake. "Sitakulazimisha useme. Wodi ile ina upungufu, na nakuhamisha kuanzia kesho. Ila niahidi kitu kimoja. Kabla hujamgusa mgonjwa, pazia kwanza. Awe nani, awe amekufanyia nini, pazia kwanza."

Anifa aliahidi haraka, kama mtu anayeahidi kurudisha sindano ya kuazima.

Bi Kuluthumu alimtambua siku ya kwanza, akageuzia uso ukutani. Anifa aliufurahia ukuta ule. Mama alipoomba bedpani, lile beseni la kujisaidia kitandani, Anifa alisema anakuja, kisha akakunja shuka moja baada ya nyingine, polepole, akizipanga pembe kwa pembe. Alipokuja hatimaye, alivuta pazia kama alivyoahidi, akafanya kazi yake. Lakini adhabu ya watu wawili nyuma ya pazia haikumtosha. Yeye alidhalilishwa mbele ya watu.

Siku hizo hizo Idrissa akapiga kwa namba ngeni.

"Anifa, usikate. Nilihama nyumbani siku ile ile. Niko Rungwa."

"Ulikaa, Idrissa. Nilisimama peke yangu."

"Nilikaa. Aibu ilinifunga mdomo, na mpaka leo sijajisamehe. Alhamisi asubuhi nazungukia Singida na mzigo wa asali, naupeleka Dodoma. Mnunuzi anataka niufikishe mwenyewe, la sivyo anachukua wa mwingine. Nipe dakika chache tu. Safari hii nitasimama, mpenzi. Nitasimama hapo mpaka unijibu, hata lori liniache."

Anifa akaiona picha nzima: kitanda bila pazia, na dada wale wale wakitazama. Akamwambia aje kwenye wodi alikolazwa mama yake, mapema, kabla ya muda wa kuona wagonjwa, na awalete mama zake wadogo wote wamwone mgonjwa. Mlinzi ataambiwa. Idrissa alimshukuru mpaka Anifa akaona haya.

Alhamisi Bi Kuluthumu aliomba bedpani tangu kulipokucha. Anifa alimchelewesha. Aliposikia bangili na vicheko kwenye korido, ndipo alipoileta, akaifunua shuka. Pazia lilikuwa bado limekusanywa ukutani.

Mama alizisikia sauti za dada zake. Uso wake ukavunjika. Vidole vyake vikautafuta upindo wa shuka, visiupate.

"Anifa," alisema. Hakuwahi kulitamka jina hilo.

Anifa hakuhitaji kufanya chochote. Ilitosha kutolivuta pazia. Alimkasirikia matroni kwa ahadi ile, akamkasirikia kweli. Kisha mkono wake ukalivuta, pete zikalia juu ya chuma.

"Subirini nje," alisema.

"Nani anatufungia?" mmoja wa wale mama aliuliza.

"Muuguzi."

Malapa yakaburuzika kuelekea kwenye mabenchi. Anifa akainama.

"Sijakusamehe," alinong'ona.

"Sijakuomba," Bi Kuluthumu akajibu, kisha akamshika bega kwa nguvu ili anyanyuliwe.

Chini ya pazia vilibaki viatu vya ngozi nyekundu.

"Anifa, ni wewe?"

"Siwezi kutoka sasa."

"Sijasema utoke."

Getini lori lilipiga honi. Likapiga tena, ndefu zaidi. Viatu havikusogea. Injini ikanguruma, ikashika barabara ya Dodoma, ikafifia.

"Mzigo wake umeondoka," Bi Kuluthumu alisema, macho yake nayo yakiwa chini ya pazia.

Anifa alichukua maji na kitambaa. Alimwosha, akamkausha, akamfunika vizuri mpaka kifuani. Alifanya polepole, lakini si polepole ile ya kukunja shuka. Alinawa mikono yake ile ile, akaifuta, akashika ukingo wa pazia.

Viatu vilikuwa pale pale, ncha zikimwelekea.