Mwanaheri Alikataa cha Bure

Mwaka 1999 Mwanaheri alikuwa na chumba cha kuchapa pale Temeke. Alichapa barua za kazi, risala na kadi za harusi. Kompyuta yake ilikuwa imetumika. Aliinunua Kurasini kwa fundi Gaspar.

Kompyuta haifanyi kazi bila mfumo endeshi. Mfumo huo ndio unaoiamsha mashine na kuongoza programu nyingine zote. Gaspar alimwekea mfumo wa kampuni ya ng'ambo, akatoza fedha za ziada.

"Orijino kabisa, sista," alisema. Hakumpa boksi wala karatasi ya leseni. Ilikuwa nakala ya wizi, na Gaspar alijua.

Bandali, jirani yake Mwanaheri, alitunza kompyuta za ofisi moja karibu na bandari. Siku moja alimletea CD.

"Dada, huu ni mfumo mwingine, unaitwa Linux. Bure."

Mwanaheri alicheka. "Dukani kwa baba yako hata kiberiti hakitoki bure! Leo unanigawia mfumo mzima? Rahisi huvunja upishi, kaka."

Kila alasiri baba yake Mwanaheri, mzee Mwishehe, alikuja kukaa karibu naye. Alikuwa na shamba la minazi Mbweni, na nyumba mpya zilikuwa zinalisogelea. Mzee alitaja mipaka, Mwanaheri akachapa: mnazi upi ulipandwa na nani, kipande kipi kiliuzwa. Wazee wenzake waliojua mambo hayo walikuwa wameshafariki.

"Yatoe kwenye karatasi, baba atie dole gumba," alisema Hija, kaka yake Mwanaheri.

Mzee alikasirika. "Karatasi ya mirathi haitolewi mtu angali hai. Mnanichuria nyie?"

Mwanaheri aliogopa kumwitia baba yake kifo. Akayaacha maneno ndani ya kompyuta, mahali pamoja tu. Heshima ni jambo jema, lakini hapa iliwaponza.

Mwezi mmoja baadaye mzee alipigwa na kiharusi. Ulimi ukawa mzito, hakuweza kusema. Hija akaja mbio. "Sasa toa karatasi!"

Mwanaheri aliwasha kompyuta. Haikuamka. Virusi, yaani programu za uharibifu, vilikuwa vimeingia kupitia flopi, zile diski ndogo bapa wateja walizobebea kazi zao.

Gaspar aliitwa. Alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa. "Tunafuta, tunapiga mfumo upya."

"Na maneno ya baba?"

"Yatakuwepo tu, sista."

Hayakuwepo. Gaspar aliifuta diski yote, akaondoka bila hata kuomba radhi. Hana haya yule!

Bandali alikuja kutoa pole.

"Kaka, ni mfumo wa ile kampuni ndio ulioniponza?" Mwanaheri aliuliza.

"Hapana. Ukiununua kihalali unapewa leseni, na una wa kumwuliza. Programu nyingi zimetungwa kwa ajili yake, na mafundi wengi wanaujua. Ubaya wake ni bei. Tena huruhusiwi kumnakilia jirani, wala kuona ulivyoandikwa. Wewe ulipewa wa wizi. Ukiharibika, huna pa kwenda."

"Na huo wako wa bure, si wa wizi?"

"Walioutunga wametoa ruhusa wenyewe. Unakili, ugawe, hata uurekebishe. Ulivyoandikwa ni wazi, watu wa nchi nyingi wanaukagua. Virusi vingi vya flopi hizi haviuwezi. Ila nisikudanganye. Ni mgumu kujifunza, printa nyingine zinaukataa, na mafundi wake hapa mjini ni wa kuhesabu."

Mwanaheri aliizima kompyuta. Kisha akasema, "Kwa hiyo mie nililipia cha wizi, nikakikataa cha halali."

"Ndivyo, dada."

"Ningechukua CD yako, maneno ya baba yangepona?"

"Pengine. Lakini diski hufa kwenye mfumo wowote. Kinachookoa ni nakala: moja kwenye flopi, moja kwenye karatasi, moja nyumba nyingine."

Wapima ardhi walipofika Mbweni, mzee alipelekwa. Jirani wa shamba alikuwa ameshang'oa minazi ya mpakani. Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akatoa sauti, lakini hakuna aliyemwelewa. Mpima akauliza, "Kuna maandishi?" Hayakuwepo. Nusu ya shamba ikaenda kwa jirani. Ni dhuluma, na inauma mpaka leo.

Mwanaheri aliweka Linux. Alihangaika miezi miwili. Kadi za kwanza zilitoka maandishi yamekaa upande, wateja wakanung'unika. Akajifunza. Kila Alhamisi alinakili kazi zote kwenye flopi, akampelekea dada yake Farida amtunzie. Nakala za ile CD aliwagawia wachapaji wenzake wawili, bila kumwibia mtu.

Mwaka uliofuata diski ya kompyuta ilikufa. Siku hiyohiyo Zuena wa mtaa wa pili alikuja analia. Mama yake alikuwa amefariki, na karatasi ya wasia, iliyochapwa hapo, ilikuwa imelowa mvua. Hakuna neno lililosomeka.

Farida alileta flopi. Bandali alifunga diski nyingine, akaweka Linux ileile. Hapakuwa na leseni ya kununua. Kabla ya magharibi wasia ulitoka, neno kwa neno.

"Mungu akujaze kheri, dada," alisema Zuena. "Maneno yote ya mama yapo!"

"Yapo, mdogo wangu," alijibu Mwanaheri.

Nyumbani alimkuta Hija anamlisha baba yao uji. Mzee alipomwona binti yake, mdomo wake ulianza kucheza, kama kila siku, akitafuta neno la kwanza. Mwanaheri aliinama. Hakuweza kumtazama.