Haukuwa Uzee

Mtaani walimwita Mzee Polepole, kwa jinsi alivyoendesha pikipiki yake. "Baba watoto, hata kuku wanakupita," mkewe alimtania. Alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alifunga vitambaa nyuma ya kiti, akaenda dukani.

Siku moja pikipiki iliteleza kwenye mchanga, kwenye kona. Kofia ngumu alikuwa ameivaa bila kufunga mkanda. Ikamtoka, kichwa kikagonga chini. Alirudi nyumbani akichechemea, goti limechubuka.

"Twende hospitali," mkewe alisema.

"Kwa mchubuko huu? Nipe maji ya moto tu."

Goti likapona. Wiki zikapita. Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Akawa analala mchana kutwa. Alipotembea, mguu wa kulia uliburuta. Alikata suruali ya mteja, mguu mmoja ukawa mfupi.

"Uzee umeanza kubisha hodi," watu walisema. Mkewe naye akaamini.

Asubuhi moja mzee alijimwagia chai.

"Hata kikombe kinakushinda siku hizi?" mkewe alifoka.

Mzee alimtazama kwa upole. "Samahani, dada. Wewe ni nani?"

Mkewe akamkimbilia jirani yao, muuguzi wa zahanati. Muuguzi alikuja, akamwangalia mzee macho na mikono.

"Aligonga kichwa karibuni?"

"Alianguka na pikipiki, lakini zamani. Alishapona."

"Mama, huu si uzee. Mtu wa umri wake akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu, hata kwa wiki kadhaa, ikakandamiza ubongo. Twende hospitali sasa hivi."

Picha ya kichwa ilionyesha damu hiyo. Daktari alitoboa fuvu, akaitoa. Mzee alipozinduka, alimwita mkewe kwa jina lake.

"Nisamehe," mkewe alisema huku analia. "Uliumwa, mimi nikakufokea."

Lakini walikuwa wamechelewa. Mkono wa kulia haukupata tena nguvu zake zote. Mtaalamu wa mazoezi alimfundisha kukamua kitambaa na kuinua kikombe. Siku mkasi ulipomponyoka dukani, mzee aliinamia meza, akalia kwa kwikwi. Pikipiki hakuipanda tena.

Sasa mkewe ndiye anayekata vitambaa, mzee anamwelekeza. Juzi alikuja mteja, mzee mwenzake, ana bandeji kwenye kiwiko.

"Nimeanguka na pikipiki. Si kitu. Nimekuja kupimwa suruali."

"Kichwa nacho kiligonga?" mke wa fundi aliuliza.

"Kidogo tu."

Mzee Polepole alisukuma kando futi ya kupimia.

"Nenda hospitali leo, ndugu yangu. Na kichwa kikiuma hata mwezi ujao, rudi tena. Suruali itakungoja."

Mteja akautazama ule mkono uliolala mezani. Akaenda hospitali.