Lonchi ya Sabuni ya Asmani

Kiingereza nakijua kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Rumonge. Nakijua chote: neno moja. Na hilo moja nalo nilifundishwa na mjukuu wangu Raisa, wa darasa la tano.

Kila asubuhi kabla ya shule, Raisa hunisaidia kukoroga sabuni ya mawese. Tukishaimimina kwenye boksi la mbao ikaganda, tunaikata kwa uzi na kuipeleka sokoni. Iliuzika vizuri mpaka mchuuzi mmoja, Asmani, alipoanza kunong'ona kwamba inaleta upele. Wateja wakakimbia. Shuleni wenzake wakamwita Raisa "Upele", akarudi nyumbani analia.

Wiki haijaisha, Asmani huyohuyo akaja na tabasamu. "Amahoro, Mama Mariyamu! Sabuni yako nitaichukua yote. Ya kuoshea pikipiki tu."

"Njoo kesho, mwanangu," nikamjibu. Mtu anayekisema vibaya chakula chako halafu anaomba sufuria nzima, mimi humchunga.

"Bibi, tuitie pilipili!" Raisa akasema, macho mekundu.

"Pilipili itamuunguza atakayenawa, naye hana kosa. Kisasi chetu kimpate mwongo peke yake. Lete maharage."

Sabuni ya siku hiyo ilikuwa bado laini. Tukazamisha haragwe moja katikati ya kila kipande. Maharage yalipokwisha, Raisa akachana karatasi ya daftari, akaandika vikaratasi kwa penseli, akavizamisha kwenye vipande vilivyobaki.

Kesho yake Asmani akaja, akaichukua yote. Siku chache baadaye, alitundika kitambaa sokoni: LONCHI! SABUNI MPYA! Raisa akamwuliza Mwalimu Niyonzima wa darasa lake neno hilo lina maana gani.

"Ni la Kiingereza," mwalimu akaeleza. "Mtumbwi mpya ukisukumwa ziwani mara ya kwanza, wanalitumia. Bidhaa mpya ikitolewa kwa watu mara ya kwanza, wanalitumia pia. Sisi tunasema uzinduzi."

"Na mtumbwi uliokwisha kuvua ndagala?"

"Huo ulishazinduliwa, haurudiwi. Anayekiita cha zamani kipya anasema uongo, hata akiusema kwa Kiingereza."

Jumamosi tulikwenda sokoni wote watatu: mimi, Raisa na mwalimu. Asmani alikuwa ameshika kipaza sauti. "Iko mupya kabisa! Imetoka kiwandani Bujumbura! Mukono wa mutu haujaigusa!"

"Haijawahi kuuzwa hapa?" nikauliza kinyonge.

"Hata siku moja, Mama! Leo ndiyo lonchi."

Raisa akachukua kipande, akavua karatasi yake inayong'aa, akapitisha uzi. Haragwe likadondoka.

"Kumbe kiwanda kinapika na chakula cha mchana!" mwanamke mmoja akasema, na soko likacheka.

"Hiyo ni vitamini ya ngozi!" Asmani akajibu, jasho likimtoka. "Mashine ndiyo inaiweka."

"Kata kingine, mwalimu," nikasema.

Mwalimu akakata. Haragwe. Akakata cha tatu, akachomoa kikaratasi, akakisoma kwenye kipaza sauti cha Asmani mwenyewe: "'Raisa, darasa la tano B. Haina upele.'"

Kisha akamgeukia. "Asmani, hiyo mashine yako iko darasani kwangu?"