Mpira wa Kuazima

"Madina, avion inatoka saa tisa. Usiache ile mbegu ipande ndege."

Sauti ya Zakaria, mwenzake kazini, ilitoka kwenye kidude kidogo sikioni mwa Madina. Madina, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni, alijifanya anarekebisha kilemba.

"Chambre ya Draksler kule hoteli?"

"Nimetafuta chumba chote, mpaka ndani ya matelas ya kitanda. Bure. Prado yake, bure."

Saa nane kasoro robo.

Mbele yake, kwenye uwanja wa gofu wa Kisangani, Draksler alikuwa anacheka. Mzungu huyu alikuwa ameiba mbegu za kahawa isiyokauka kwa ugonjwa, kazi ya miaka kumi na tisa ya Mama Philomène, mtafiti wa Yangambi. Zikitoka tu nchini, kampuni yake ingeziandikisha kuwa mali yake. Wakulima wa mkoa wa Tshopo wangenunua kahawa yao wenyewe kwa mgeni, kila msimu, mpaka kufa.

Na mtu wa kumpitishia mizigo bila kufunguliwa alikuwa hapohapo, ndani ya suruali nyeupe: Directeur Eddy, mwenye kampuni ya mizigo ya ndege.

Madina alijiunga nao kama mfanyabiashara wa mbao. Uchezaji hakuhitaji kuuigiza. Baba yake alikata nyasi za uwanja huu miaka thelathini, na kila Jumapili alfajiri Madina huja peke yake, apige mpira, ausikie ukilia "ta!", arudi nyumbani ameridhika. Hakuna wa kumwona. Ndiyo raha yenyewe.

Hawa wawili walimchukiza. Hakuna aliyetazama mpira unaanguka wapi. Draksler alikosa shimo la hatua moja, kusudi, ili Eddy ashinde. Eddy alijua, akajipigia makofi vilevile. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na hapa watu walikuwa wanalambana mchana kweupe.

Mpira wa Draksler ukazama vichakani. Wa saba huo. Hata hakuutafuta. Akapapasa mifuko ya suruali, mitupu.

"Madame, unaweza kuniazima mpira moja?"

Madina akampa. Kisha akatazama tena.

Mfuko wa fimbo wa Draksler ulikuwa wazi. Ndani, masanduku matatu ya mipira mipya, hayajaguswa. Mtu mwenye mipira thelathini na sita anaazima mmoja?

"Zakaria. Iko ndani ya mipira. Fungeni barrière, gari isitoke."

"Reçu. Tunafunga."

Madina akachomoa sanduku moja, akalichana.

"Acha! Hiyo ni cadeau, zawadi ya watoto yangu!"

"Ball zako ziko mingi, monsieur. Rudisha yangu."

Aliweka mmoja juu ya kijiti. Akapiga kwa hasira zake zote.

Haukulia. Ulipasuka kama boga bovu, mbegu za kahawa zikatawanyika nyasini.

Beretta ikatoka kiunoni mwa Draksler.

Fimbo ya Madina ilikuwa bado hewani. Ikashuka juu ya kifundo cha mkono. Mfupa ukalia, bastola ikaanguka, Madina akaipiga teke mbali. Draksler alikuwa bado anatukana alipofika Zakaria na pingu.

Zakaria akafungua mpira wa pili na wa tatu kwa kisu, akahesabu. "Arobaini na nane kila mpira. Zote ziko nzima."

Eddy alisimama mikono juu. "Madame, miye nilikuya kucheza tu. C'est tout. Sikuuliza iko nini ndani."

"Hapana, papa. Haukucheza hata mara moja." Madina alikuwa na hasira ya kutaka kulia. "Mutu akikupigia makofi, unamuuzia jasho ya wengine. Bila kuuliza! Piga magoti."

"Pardon?"

"Mbegu. Okota zote."

Eddy alimtazama Zakaria, akaona hakuna msaada huko. Akapiga magoti. Suruali nyeupe ikanywa matope. Alitambaa, akapekua nyasi kwa kucha, jasho likimtiririka mpaka kwenye mbegu alizoshika.

Mwishowe akanyoosha kiganja. "Ni hizi. Arobaini na saba."

Madina alikuwa ameshatupia mfuko wake begani.

"Inabaki moja, papa. Tafuta."

Akaenda zake bila kugeuka.