Aliyekaa Kwenye Sanduku la Kete

Bisha. Bisha mpaka mate yakukauke, halafu nenda kibandani kwa kinyozi ukautazame mkono wake wa kulia.

Kinyozi na fundi saa ni mashemeji; fundi saa kamwoa dada yake kinyozi. Kwenye sataranji hawakupishana: leo huyu, kesho yule, miaka tisa. Bingwa wa mtaa baada yao ni mimi, na anayekataa aje.

Fundi saa akanunua sanduku kuukuu la kete. Asubuhi ya kwanza, kete moja ya askari ilikutwa imesogea yenyewe ubaoni. Ya pili, sanduku lilinuka nywele zilizoungua. Ya tatu, kichanga cha fundi saa kikafungua kinywa kulia, na kilio kikatokea sandukuni.

Mganga aliyeitwa alisikiliza akarudi nyuma mpaka ukutani. Akasema mashemeji wacheze mara moja, bila kuachiana. Mtoto atapona, ila atakayeshindwa atalibeba jini lililokaa sandukuni.

"Shemeji, usinionee huruma," fundi saa alinong'ona.

"Nani akuonee huruma? Panga kete."

Wakacheza mchana kweupe. Kila kete iliyoliwa ikitupwa sandukuni kitu kiliguna kwa raha, na harufu ikazidi, na meza ikapata joto kama paji la mgonjwa, na kinyozi, aliyebakiza hatua mbili tu ashinde, akasikia kichanga mgongoni mwa dada yake kikimwita "mjomba" kwa sauti ya kizee, akageuka, wakageuka wote, na waliporudisha macho ngome yake haikumlinda tena mfalme.

"Shemeji," fundi saa akasema taratibu, "mfalme wako hana pa kwenda."

Kichanga kikalia, kilio chake mwenyewe. Dada mtu akacheka kwa furaha, kisha akamwona kaka yake. Mkono wa kinyozi ulikuwa unapanga kete, yeye akiuvuta kwa mkono mwingine. Mpaka leo unapanga, kibandani kwake, sanduku likiwa limemfuata huko. Kucha zimeng'oka, wateja wamehama.

Sasa lile nililoliruka. Niliposema waligeuka wote, mimi niliyekaa kando ya meza nikitazama sikugeuka. Kinyozi aliwahi kunifunga kwa hatua nane mbele ya watu, akanipapasa kichwa kama mtoto. Basi niliisogeza ngome yake mraba mmoja, kwa kidole tu, na nikachekea tumboni.

Leo nimeamka nikaikuta ngome ile juu ya mto wangu. Nikafungua kinywa nimwite mama.

Ndiyo maana nimekuandikia. Ukifika kwa kinyozi, tega sikio sandukuni. Sauti utakayoisikia humo ni yangu.