Mwanga Aliouona Jivi

"Devshi!"

Devshi aliganda mlangoni pa duka, kifurushi kwapani. Katika miaka sita ya ndoa, Jivi hakuwahi kumwita kwa jina. Wanawake wa Kihindu wa kwao hawataji majina ya waume zao.

"Usinizuie," akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Mlima Meru. Nimeuona mwanga, Jivi. Leo asubuhi nimekaa kimya nikisali, ukanijaa mpaka nikatetemeka. Mtu akishaitwa hivyo, hawezi tena kukaa na mke na kupima chumvi."

"Nani kakuambia?"

"Nani asiyejua? Watakatifu huacha nyumba zao."

"Na mimi je?"

Devshi akapita mbele ya boma la Wajerumani, akashika njia ya mlimani.

Siku tatu Jivi aliuza dukani peke yake, machozi yakimlengalenga kila mteja alipouliza, "Bwana yuko wapi?" Siku ya nne akaja Kaanaeli, mama wa Kimeru aliyezoea kumletea ndizi.

"Dada, mumeo yuko pangoni, juu ya migomba yetu. Watu wanampelekea asali. Wanasema ni mganga, anaongea na majini."

"Si mganga, Kaanaeli. Nipeleke."

Walipanda tangu alfajiri. Wakamkuta Devshi ameinama mbele ya pango, macho mekundu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Umeuona tena?" Jivi akamuuliza.

"Haujarudi." Sauti ikamkatika. "Nimefunga, nimekesha, haujarudi!"

"Mimi hunijia. Tangu nina miaka kumi na miwili."

"Nini hicho?"

"Huo mwanga. Wakati mwingine nachambua mchele tu, huo umekuja."

Devshi alimkodolea macho. "Miaka sita hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Tena bibi yangu alinikataza kuukimbilia. Alisema mwanga si Mungu, ni kitu cha kupita njiani. Ukikaa kuutazama, utawasahau walio karibu nawe."

Jivi akaketi juu ya jiwe, akakunja miguu, akafumba macho.

Pumzi yake ikapungua, ikapungua, mpaka shuka begani likaacha kutikisika. Mbega mmoja akashuka mtini, akapita karibu kabisa na goti lake bila kushtuka. Ukungu ukafunguka, na kilele cha Meru kikasimama juu yao, cheusi, kikubwa mno.

Kaanaeli akamshika Devshi mkono. "Amekufa! Hapumui!"

"Anapumua," Devshi akanong'ona. Nywele zilikuwa zimemsimama.

"Basi amepandwa na pepo?"

"Hapana. Ni mke wangu."

Akalisema hilo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka sita amelala kando ya mtu huyu, amemwagiza chai, amemkaripia kwa chumvi kuzidi kwenye mboga!

Jivi alipofumbua macho, uso wake ulikuwa mtulivu. Devshi akapiga magoti matopeni, akamgusa miguu kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao mbele ya mwalimu. Mume kumgusa mkewe miguu, Jivi hakuwahi kuona wala kusikia.

"Nisamehe," Devshi akasema huku analia. "Nilidhani wewe ndiye kizuizi changu."

Kaanaeli naye alikuwa akifuta machozi, asijue yametoka wapi.

"Inuka," Jivi akasema. "Njia inateleza. Nishike mkono."