Kikombe Kisichooshwa

Mwaka ule wa tisini na tatu, treni ya Kaliua iliingia Mpanda ikiwa imechelewa kama kawaida yake, stesheni ikajaa magunia, kuku na watu wanaosukumana. Pudensiana alisimama mlangoni mwa mgahawa wake, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa, akiutazama umati kwa jicho la mtu asiyependa uchafu. Mara akamwona kijana mwenye sare nyeupe ya wanamaji, pasi imesimama, vumbi lote lile halijamgusa. Moyo ukampiga paa.

"Dada, chai ipo?"

"Ipo. Kaa."

"Naomba unitilie humu."

Kijana akatoa begini kikombe cha bati. Pudensiana akachungulia. Ndani mlikuwa na utando mweusi wa chai, tabaka juu ya tabaka, na ukingoni alama za midomo.

"Hiki kimeoshwa lini?"

"Hakioshwi."

"Basi kwangu hakitiwi chai. Kanywee mtaroni."

Kijana akacheka. "Una ulimi wewe. Nitilie kwenye chako basi, ila usininyime jina."

Aliitwa Sylvanus, mzaliwa wa Karema, askari wa meli ndogo ya doria huko Kigoma. Likizo yake karibu yote aliimalizia mgahawani. Kila alipofungua mdomo, habari ilikuwa ni ya wenzake wa melini: wanavyolala kwa zamu kwenye godoro moja, wanavyojifuta kwa taulo moja.

"Nyie ni wanamaji au nguruwe?"

"Ni ndugu, laazizi wangu. Ndugu hawaonani kinyaa."

"Mimi nakuoneni kinyaa kwa niaba yenu."

Hata hivyo alimpenda, akampenda mpaka wapishi wake wakamsema. Ndiyo maana Sylvanus alipokwenda Karema kumsalimia mama yake, akamwachia begi, Pudensiana alikitoa kile kikombe akakisugua kwa jivu, mchanga na stilwaya. Alisugua kwa mapenzi na kwa kinyaa, na kinyaa ndicho kilichokuwa kingi. Uchafu ulipoanza kubanduka ulitoa harufu ya shombo, akageuza uso pembeni asitapike. Alipomaliza, kikombe kiling'aa.

Sylvanus aliporudi akakishika, akakigeuzageuza mwangani.

"Hata asante hakuna?" Pudensiana akamtania.

"Nani alikwambia ukioshe?"

"Macho yangu."

"Pude, sote melini tumenywea humu. Anayekwenda likizo hukichukua, ili alazimike kurudi nacho. Mwenzetu Mabula alinywea humu asubuhi ile alipozama, akikata nyavu zilizonasa kwenye pangaboi la meli. Hatukumpata. Hana kaburi. Mdomo wake ulikuwa humu."

"Sylva, ilikuwa koga tu."

"Kwako."

Akachukua begi lake, akaondoka na treni ya siku hiyo bila kuaga.

Pudensiana aliugua kwa hasira. Kuachwa kwa ajili ya mwanamke mwingine angeelewa, lakini kuachwa kwa ajili ya uchafu? Alijichukia kwa kuosha, akamchukia yeye kwa kuondoka, na usiku hakulala. Majuma yakapita. Ndipo Marsela, mwenye duka la jirani, akamwita kwenye simu; alikuwa Sylvanus.

"Pude wangu?"

"Umeshakula uchafu wako ukashiba?"

"Nimewaambia wenzangu."

"Wamesemaje?"

"Wengine walilia. Pontien alitaka kukitupa ziwani. Halafu tukakaa, tukaongea. Tunakuja."

"Kunipiga?"

"Kukuuliza jambo. Chemsha chai, mpenzi, iwe kali."

Walikuja wanne, wakinuka dizeli na dagaa. Pontien, mkubwa wao, mwenye masharubu yaliyogeuka njano kwa tumbaku, akaweka kikombe mezani.

"Shemeji, umekiosha, kimekuwa kipya. Kikombe kipya lazima kianzwe na mtu. Tumesema uanze wewe."

Sylvanus akamtazama. "Sikulazimishi. Ila ukinichukua mimi, umewachukua na hawa. Utanikubali?"

Kunywa wa kwanza kulikuwa rahisi. Kikombe kilikuwa safi. Kisha kikazunguka. Pontien akayazamisha masharubu yake humo. Optatus, mwenye mafua, akavuta kamasi ndipo akanywa. Celestin akachokoa meno kwanza. Sylvanus akanywa wa mwisho, akakirudisha.

"Aliyeanza ndiye anayemaliza," Pontien akasema.

Pudensiana akatazama ndani. Unywele wa njano ulikuwa ukielea, na pembeni yake chembe ya wali. Alikichukia kikombe, akayachukia masharubu yale, akachukia kila mdomo uliopita pale. Alijua pia kwamba akikiweka chini, Sylvanus atapanda treni na hatarudi tena. Akafumba macho, akameza vyote.

"Nimekubali," akasema, mkono mdomoni.

Wanaume wakapiga meza kwa furaha. Yeye akatoka mbio mpaka nyuma ya jiko, akainama, akatapika chai yote. Sylvanus akamfuata, akamshika mgongo.

"Usiwaambie," Pudensiana akanong'ona.

"Sote tulitapika siku ya kwanza. Pontien alitapika mara mbili."

Akasukutua maji, akatema, akasukutua tena.

"Sikiliza, Sylva. Harusi nimekubali, na hao ndugu zako nimewakubali. Lakini siku hiyo kila mtu aje na kikombe chake."